Jina la Mtoto Katika Daftari la Shule

Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, mwalimu hufungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Ni kazi ndogo, tena ya kuchosha, na wengi wetu huifanya huku macho yakielekea saa ya ukutani. Hebu basi tutazame darasa moja la nchini Ayalandi. Mtoto ameamka kwao akiitwa John Smith, na mama yake amemfunga vifungo vya shati akimwita kwa jina hilohilo. Afikapo shuleni anamsikia mwalimu akiita: "Seán Mac Gabhann." Naye anaitika: "Anseo," yaani hapa. Hakuna aliyemwuliza. Jina lake limegeuzwa kutoka Kiingereza kuwa Kiayalandi, na litabaki hivyo mpaka kengele ya mwisho. Desturi hii imekuwapo kwa miaka mingi katika shule nyingi za nchi hiyo, hasa zile zinazofundisha masomo yote kwa Kiayalandi. Wako wazazi walioifurahia, na wako walioilalamikia. Yafaa nasi tujiulize: je, shule ina haki ya kumwita mtoto kwa jina jingine, hata kama jina hilo limetoka katika lugha ya mababu zake?

Msomaji asiharakishe kujibu. Mtu aliyeonja ukoloni ataelekea upande wa shule, na si bure. Mwaka 1465, wakati wa Mfalme Edward wa Nne, ilitungwa sheria ya kuwataka Waayalandi waliokaa katika wilaya za kandokando ya Dublin, zilizokuwa mikononi mwa Waingereza, wachukue majina ya ukoo ya Kiingereza. Jina liwe la mji, au la rangi, kama nyeupe na nyeusi, au la kazi, kama mhunzi na seremala. Karne zilizofuata ziliendeleza kazi hiyo kwa njia zilizo kimya zaidi. Mtu aliyetafuta kazi au heshima aliona ni afadhali aidondoshe ile Ó au ile Mac iliyotangulia jina lake, ambayo maana yake ni mzawa wa fulani au mwana wa fulani.

Kisha ikaja shule. Katika karne ya 19 mtoto alifungwa kijiti shingoni, na kila aliposema neno la Kiayalandi kijiti kilichanjwa alama moja. Jioni alama zilihesabiwa, naye akachapwa kwa hesabu hiyo. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba wazazi wengi walishirikiana na mwalimu, kwa kuwa waliamini kwamba Kiingereza ndicho mkate. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa mengi hapa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika jinsi kifungo kilivyopitishwa mkono kwa mkono katika shule za Kenya miaka ya 1950, ili kumnasa mtoto aliyesema Kikuyu. Huko Ayalandi, baada ya njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, sensa ya 1851 ilionyesha kwamba waliojua lugha yao walikuwa wamebaki chini kidogo ya robo ya watu wote.

Kwa hiyo dola huru ilipozaliwa mwaka 1922, ilikuwa ni haki kabisa kwamba shule, iliyotumiwa kuua lugha, itumiwe sasa kuifufua. Mwacha asili ni mtumwa, nasi tumelisema hilo majukwaani mara nyingi. Na jina la Smith lenyewe lina kisa. Gabha kwa Kiayalandi ni mhunzi, na Mac Gabhann ni mwana wa mhunzi. Wengi wa ukoo huo walifanywa Smith kwa kutafsiriwa tu, kama vile mtu aitwaye Mhunzi afanywe Smith na karani wa Bwana Shauri. Mwalimu anayemwita mtoto huyo Mac Gabhann anaweza kusema kwamba hambadilishi jina, anamrudishia.

Hoja hiyo ina nguvu, na wale wanaoipinga huijibu kwa wepesi mno. Husema: mwacheni mtoto na jina lake la asili. Lakini lipi ni la asili? Jina la Kiingereza linaonekana kuwa la kawaida, lisilo na siasa ndani yake, kwa sababu tu waliolichapia fimbo wamekwisha kufa na makovu yamesahauliwa. Anayelitetea kwa jina la uhuru wa mtoto huenda anatetea, bila kujua, kazi iliyofanywa na kile kijiti.

Hata hivyo tugeuze ukurasa wa daftari. Katika dawati la pili ameketi Smith mwingine, ambaye babu yake alitoka Uingereza akiwa Smith, na babu wa babu yake vilevile. Huyu naye ataandikwa Mac Gabhann. Amerudishiwa nini? Katika dawati la tatu yuko msichana wa ukoo wa Murphy. Kaka yake ataitwa Ó Murchú, bali yeye, kwa kanuni za lugha hiyo, ataitwa Ní Mhurchú, na mama yao Uí Mhurchú: nyumba moja, majina matatu. Kwa aliyekulia katika lugha hiyo hapana ajabu yoyote. Kwa mtoto wa miaka mitano aliyezoea kwamba yeye na kaka yake ni kina Murphy, ni fumbo linalohitaji mtu wa kulifumbua kwa upole. Na tangu miaka ya 1990 wako madarasani watoto waliozaliwa na wazazi wa Poland na Nigeria. Katarzyna aweza kufanywa Caitríona pasipo shida, kwa kuwa majina hayo yana shina moja. Lakini mtoto wa Kiyoruba ambaye jina lake linaeleza siku aliyozaliwa na msiba uliotangulia kuzaliwa kwake, utamtafsiri kwa lipi?

Hapa lugha yetu inatusaidia kufikiri. Sisi husema kuita na kuitika. Anayeita ni mmoja, anayeitika ni mwingine, na jina limekaa katikati yao kama kamba ishikwayo ncha mbili. Aliyeita peke yake hajakamilisha jina. Katika mwambao wetu bwana alimpa mtumwa jina alilolitaka, Mabruki au Feruzi, na mtumwa aliitika kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Lakini ni nani atakayesema kwamba huko kulikuwa kuitika kwa kweli?

Simaanishi kwamba jina ni kitu kisichoguswa. Miongoni mwa Wayao kijana huingia jandoni na jina la utotoni na kutoka na jingine, na hakuna anayelalamika kwamba ameibiwa. Huko jina jipya hutolewa na watu wake, mlangoni mwa umri mpya, naye mwenyewe hulingojea kwa hamu na kuona haya akiitwa lile la zamani. Katika daftari la shule, kinachobadilika si umri wa mtoto bali mwenye kalamu. Zaire ilitufundisha hilo kwa ukubwa wa nchi nzima. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwaamuru raia waache majina ya Kikristo ya Kizungu, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina kama hilo aliweza kufungwa. Utawala ulipolegea katika miaka ya 1990, wengi waliwarudia akina Jean na Marie wao. Majina ya mababu yalikuwa mazuri; ubaya ni kwamba yaliletwa na askari.

Basi mimi naona kwamba mwalimu wa Ayalandi ana wajibu wa kumwonyesha kila mtoto jina lake katika lugha ya nchi: lilitoka wapi, lina maana gani, lilipoteaje. Asipofanya hivyo, mtoto hana uchaguzi wowote, maana hawezi kuchagua asichokijua. Lakini kurudisha ni tendo la watu wawili. Mwenye kurudishiwa hana budi kufumbua mkono. Patrick Pearse, aliyepigwa risasi na Waingereza mwaka 1916, alizaliwa na baba Mwingereza, fundi wa kuchonga mawe. Jina la Pearse halikuwa na mizizi ya Kiayalandi nyumbani kwa baba yake, lakini alijiita Pádraig Mac Piarais, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba jina hilo si lake. Alilichukua mwenyewe.

Huyo Pearse alikuwa pia mwanasheria, na kesi moja aliyoitetea mahakamani ilikuwa ya mwaka 1905. Mkulima mmoja wa Donegal, Niall Mac Giolla Bhrighde, alishtakiwa kwa sababu alikuwa ameandika jina lake kwa Kiayalandi ubavuni mwa mkokoteni wake, na sheria ilitaka jina la mwenye mkokoteni lisomeke. Mahakama ikaamua kwamba halisomeki. Pearse akashindwa, na mkulima akahesabiwa kuwa na hatia, ingawa kila jirani yake barabarani alijua mkokoteni ule ni wa nani.