Mamlaka Tusiyoyapigia Kura

Kila mitaala ya vyuo inapojadiliwa huku kwetu, hurudi hoja ileile: mwanafunzi wa Kongolo anayesoma serikali na siasa za Marekani anapoteza wakati, ajifunze kwanza ya kwao. Hoja hii inaudhi kwa sababu imevaa vazi la uzalendo, ilhali inamnyima mtu wa jimbo letu la Tanganyika, Kongo, nafasi ya kuielewa nguvu inayomgusa. Maana ya serikali na ya siasa tuzichukue kama zilivyo vitabuni. Swali gumu liko kwingine: mtu anayebanwa na sheria iliyotungwa na watu asiowachagua ana haki gani juu ya sheria hiyo? Naona haki ya chini kabisa ni kuijua: nani aliitunga, kwa njia gani, na nani anaweza kuifuta.

Julai 2010 Rais Obama alitia sahihi sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinayataka makampuni yaeleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yanazotumia zinatoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka uleule Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Wanunuzi wakajitenga, na familia zilizoishi kwa sururu zikabaki mikono mitupu. Kisha Aprili 2014 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba kuilazimisha kampuni itangaze kuwa bidhaa yake haijathibitika kuwa huru na migogoro ya Kongo kunavunja uhuru wa kusema, uliomo katika katiba yao tangu 1791. Majaji walipima haki ya kampuni. Riziki ya mchimbaji haikuwa kesi iliyo mbele yao.

Sasa niambiwe mpaka kati ya yetu na yao umepita wapi. Lithiamu ya Manono, katika jimbo hilihili, inatafutwa na makampuni ya nje, ya Marekani yakiwemo. Mapatano ya amani ya Kongo na Rwanda ya tarehe 27 Juni 2025 yalitiwa sahihi Washington. Wala shauri hili la kumaliza ya kwako kwanza halitolewi kwa kila mtu: Crawford Young, profesa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alichapisha kitabu kizima juu ya siasa za Kongo mwaka 1965, na elimu yake ikaheshimiwa. Isitoshe, ya kwetu huonekana vizuri zaidi yakilinganishwa. Anayejua kwamba mkataba Marekani huhitaji theluthi mbili za kura za Seneti atakisoma kwa makini kifungu cha 214 cha Katiba yetu ya 2006, kinachotaka mikataba ya amani na ya biashara iidhinishwe kwa sheria, naye atamuuliza mbunge wake maswali yanayostahili. Kuna wanaosema maarifa bila kura hayabadilishi kitu, na wanaohofia kwamba msomaji ataishia kuiabudu Marekani. Hao wana hoja ya haki, na sina jibu kamili kwao.

Linalonivuta zaidi ni ripoti ya kamati ya Seneta Frank Church ya mwaka 1975. Humo Seneti ya Marekani yenyewe iliandika kwamba shirika la ujasusi la nchi yao lilipeleka sumu Kinshasa ya leo ili Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, auawe, ingawa haikuona ushahidi kwamba shirika hilo lilishiriki mauaji ya Januari 1961 huko Katanga. Tawi moja la serikali lilipanga uovu, na tawi jingine likaufichua. Je, hiyo ni sifa ya mfumo, au ni toba iliyochelewa miaka kumi na minne na isiyomfufua mtu? Siwezi kuamua, na sidhani mwalimu aamue kwa niaba ya wanafunzi. Ila hawataweza hata kulijadili swali hilo bila kujua Seneti ni nini na inamhoji nani. Walimu wa Kongolo, lifundisheni somo hili, tena lifundisheni kwa ukali.