Waimbaji Waliorudi Shambani

Somo la juma: Nehemia 13:4-13



Nehemia aliporudi Yerusalemu kutoka kwa mfalme Artashasta, alikuta hekalu limepoa. Walawi na waimbaji hawakuwa kwenye zamu. Hawakuwa wameasi wala kuacha imani. Kila mmoja alikuwa shambani kwake analima, kwa sababu posho yao haikutolewa. Chumba kikubwa kilichokuwa kikitunza nafaka, divai na mafuta ya posho hiyo, kuhani Eliashibu alikuwa amempa Tobia, mkubwa aliyekuwa na ujamaa naye. Tobia akajaza humo vyombo vyake vya nyumbani. Mkubwa alipata chumba, mwimbaji akakosa chakula.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya msimu tulionao. Mahindi yameshavunwa, na kuanzia sasa hadi Majilio ni vigumu kupata ukumbi wa Jumamosi, Mbeya hata Iringa. Karibu kila nyumba ya usharika huu ina kadi ya mchango mezani, na wengi wenu ni wajumbe wa kamati. Kwenye bajeti zenu kuna mstari mmoja ambao leo nataka tuutazame: bendi.

Bendi ya harusi kwa kawaida ni watu watano au sita: kinanda, gitaa la solo, besi, dramu na waimbaji. Kazi yao ni kupiga kopi. Wazee wanataka Msondo na Sikinde, mashangazi wanataka rumba ya Kongo, vijana wanataka Bongo Fleva, na meza ya wachungaji ikifikiwa lazima upatikane wimbo wa injili. Wote hao wainuke, na wote warudi nyumbani wakisema shughuli ilifana.

Watazameni saa ya chakula. MC ameshatangaza utaratibu, meza kuu imeanza, na bendi imeambiwa ishushe sauti ipige muziki laini. Vijana hao walifika ukumbini mchana kufunga mitambo. Kama wametoka Iringa kuja Mbeya, waliondoka alfajiri na baridi yake, wakapita Mafinga na Makambako, safari ya zaidi ya kilomita 300, kinanda kimeviringishwa kwenye blanketi. Sasa wanapiga huku foleni ya sahani ikipita mbele yao. Zamu yao inapofika, kwenye hotipoti umebaki ukoko wa pilau na mchuzi usio na nyama. Wanakula wima nyuma ya spika, kwa sababu MC ameshaita watu wa zawadi na anataka mdundo.

Haikuwa hivi siku zote. Wazee wa Iringa wanaikumbuka Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi, iliyowika miaka ya 1980 pamoja na waimbaji wake pacha, Kasaloo na Kyanga. Enzi hizo mwanamuziki wa bendi ya shirika alikuwa mwajiriwa: mshahara ulikuwa wa shirika, na vyombo pia. Mashirika yalipoyumba na kubinafsishwa miaka ya 1990, bendi nyingi zilivunjika, na aliyebaki na kipaji alibaki bila mwajiri. Mwajiri wake leo ni kamati ya harusi, ambayo huundwa, hukaa vikao vya miezi michache, kisha huvunjwa. Ikishavunjwa, anayedai hana mlango wa kugonga.

Ndiyo maana mambo huharibikia kwenye maegesho ya magari, usiku wa manane. Kiongozi wa bendi anamfuata mweka hazina.

"Mzee, tulibakiza nusu."

"Kaka, shughuli imekwisha salama, Mungu ametenda. Tuonane Jumatatu."

"Vijana wanatoka mbali, mzee wangu. Na gari ni la kukodi."

"Jumatatu, kaka. Ahadi nyingine hazijaingia."

Jumatatu simu haipokelewi. Jumamosi inayofuata, kamati hiyohiyo inakutana kujipongeza. Mbuzi anachomwa, vinywaji vinashushwa, wajumbe wanapeana mikono, kamati inavunjwa rasmi. Hicho ndicho chumba cha Tobia. Posho ya mwimbaji ilikuwapo. Tumeweka vitu vyetu mahali pake.

Tunaongeza na dhuluma ya pili. Kijana yuleyule ndiye anayetupigia kinanda kanisani bila malipo, na sisi tunaita huko kujitolea. Jumamosi usiku tunamwomba aongeze wimbo mmoja, tucheze. Jumapili akichelewa ibada ya kwanza, tunamwita mtu wa dunia. Kwaresma ikifika, makanisa yetu mengi hayafungi ndoa. Kipato chake kinakatika wiki baada ya wiki, na hatumwoni mzee wa kanisa akienda kumjulia hali. Anashika jembe. Jembe si aibu. Sisi sote huku nyanda za juu tumekua kwa jembe. Aibu ni sababu iliyomrudisha shambani.

Nehemia alifanya nini? Hakuwahubiria waimbaji habari za uvumilivu. Aliwakemea viongozi. Akatupa nje vyombo vya Tobia, akaagiza vyumba vitakaswe, akawarudisha waimbaji mahali pao. Kisha akaweka watunza hazina waliojulikana kwa uaminifu, na kazi yao ikawa kuwagawia ndugu zao. Uamsho wa hekalu lile ulipitia mikononi mwa waweka hazina. Mweka hazina wa kamati, nafasi yako si ya kuhesabu noti tu, ni huduma.

Torati inaagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua (Kumbukumbu la Torati 24:15). Kwenye harusi jua hutua kabla bendi haijaanza, basi sisi tuseme: alipwe kabla keki haijakatwa. Yakobo 5:4 inatuonya kwamba ujira uliozuiwa una sauti, na Mungu anaisikia.

Kwenu wapigaji: ondokeni mkijua kwamba kufurahisha arusi ya mwenzako ni kazi ya heshima. Bwana wetu mwenyewe alianzia ishara zake arusini Kana, na waliojua divai ile imetoka wapi ni watumishi waliochota maji, si wageni wa meza kuu. Timizeni muda mlioahidi, msizidishe ulevi jukwaani, na njooni ibadani hata mkiwa na usingizi.

Na kwenu wanakamati, juma hili fanyeni mambo mawili. Kwenye bajeti, andikeni sahani za bendi pamoja na za wageni. Na kama kuna bendi inayowadai tangu mwaka jana nanyi mmenyamaza, itafuteni mkailipe. Kamati yenye deni la bendi isithubutu kuvunjwa kwa mbuzi. Amina.