Jasho Lako na Jina la Mwenzio

Msomaji, ajengaye kwa mawe ya mwenziwe, je, nyumba ni yake? Mwaka 1998 mchezo wa kompyuta uitwao Jazz Jackrabbit 2 ulitolewa pamoja na programu ya kuundia viwanja vipya. Wapenzi wake wakapanga vigae vya picha vilivyochorwa na wengine, wakajenga mapango na madaraja. Baadhi yao wakachora vigae vyao wenyewe. Washairi wetu waliwatangulia: Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitia mishororo mitatu juu ya kila miwili ya shairi la Liyongo, na kazi ikabaki kuitwa Takhmisi ya Liyongo. Hapa Timau pia, akodiye shamba huvuna ngano yake kwa haki, wala hajiiti mwenye ardhi. Basi usione haya kuanzia kwa mwenzio. Ona haya kulificha jina lake.