Mwanafunzi na Maradhi ya Kuambukiza



Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya Korona yalipoingia Kenya, Serikali ilifunga shule na vyuo vyote. Vilipoanza kufunguliwa tena miezi kadhaa baadaye, vijana wetu wa vyuo vikuu waligawanyika makundi mawili. Maradhi yale yametulia, lakini maneno ya siku zile yafaa kupimwa, kwani maradhi mengine yakija hayatapiga hodi.

Kundi la kwanza lilisema: "Sisi ni vijana, hayatudhuru, na ajali imekwisha andikwa." La pili likasema: "Haturudi mpaka yaishe kabisa."

Hao wa kwanza waliitaja kadari wala hawakuifahamu. Sayyidna Umar, Mungu amuwie radhi, alipokuwa safarini kwenda Sham akapata khabari ya tauni, alishauriana na Masahaba kisha akarudi na watu wake. Abu Ubayda alipomuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kuwa atoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari yake nyengine. Je, kijana wetu amemzidi Umar kwa tawakali?

Tena, "hayanidhuru" ni hoja ya mtu ajionaye yu peke yake duniani. Maradhi yale mtu huweza kuyaambukiza naye hana hata kikohozi. Kijana hupona, aliye hatarini ni mpishi wa chuo, mlinzi wa lango, mwalimu mwenye umri, na bibi nyumbani. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amekataza mtu kumdhuru mwenziwe. Tazameni yaliyotokea Marekani: Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill, kilianza masomo tarehe 10 Agosti 2020. Maradhi yakaenea mabwenini, na tarehe 17 kikatangaza kuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza watasomeshwa kwa intaneti. Siku saba tu!

Na hao wa pili nao walipita mpaka. Kutafuta elimu ni faradhi, na si kila nyumba ina kompyuta wala intaneti. Masomo yakisimama, mtoto wa maskini ndiye akhasirikaye zaidi.

Njia ya haki ni ya katikati: mfunge ngamia wako, kisha mtegemee Mungu. Mwanafunzi na arudi, ajifunike pua na mdomo, aepuke msongamano, akiona homa ajitenge, wala asende kuwapa mkono wazee hali ana shaka na nafsi yake. Huko si kuogopa mauti, ni kuchunga amana.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa na atukinge na kila balaa. Amin.