Kuheshimu na Kuabudu: Mpaka Uko Wapi?



Mzazi mmoja wa usharika wetu ana binti anayekwenda Japani na shule, na kwenye ratiba yao kuna kutembelea Meiji Jingu, hekalu la dini ya Shinto mjini Tokyo, ambako mfalme aliyefariki anaheshimiwa kama mungu. Swali la mzazi lilikuwa fupi: "Dada, wenzake wakiinama, na yeye ainame?" Naona swali hili ni letu sote, maana huku ugenini tunasoma, tunafanya kazi na tunazikana na watu wa kila imani.

Kwanza tupafahamu mahali penyewe. Mfalme Meiji alitawala tangu 1867 hadi alipofariki tarehe 30 Julai 1912. Katika miaka hiyo Japani ilitoka kwenye enzi ya samurai ikaingia kwenye reli, viwanda na katiba. Mkewe, Malkia Shoken, alifariki 1914, na hekalu la kuwaenzi wote wawili lilifunguliwa 1920. Mfalme mwenyewe amezikwa Kyoto. Hapo Tokyo hakuna kaburi lake.

Hekalu limezungukwa na msitu wa hekta 70 hivi, katikati ya jiji, jirani kabisa na stesheni ya Harajuku yenye maduka na kelele za vijana. Msitu huo ulipandwa kwa mikono. Miti kama 100,000 ilitolewa zawadi kutoka pande zote za nchi, na vijana wakajitolea kuipanda. Wataalamu walichagua miti ambayo baadaye ingejiotesha yenyewe, wakijua kwamba msitu ungechukua miaka mia moja au zaidi kukomaa, na wao wasingeuona. Majani yanayoanguka njiani hufagiliwa na kurudishwa chini ya miti. Majengo makuu yaliteketea kwa mabomu mwaka 1945, yakajengwa upya 1958. Watu waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima yetu.

Anayekwenda kusali huosha mikono na kusukutua mdomo, kisha husimama mbele ya hekalu, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, na huinama tena mara moja. Wengine huandika maombi kwenye vibao vidogo vya mbao: mtihani, ndoa, mtoto, ugonjwa. Maombi hayo nayafahamu. Ndiyo ninayoyasikia wodini saa tisa usiku, kwa lugha nyingi.

Je, kuinama ni kuabudu? Sisi tunasema "shikamoo", na wazee hutufundisha kwamba maana yake ni kushika miguu. Wapo kati yetu ambao kwao binti hupiga magoti kumsalimu mkwe. Hakuna anayedhani tunaabudu. Basi goti au mgongo peke yake haujibu swali.

Historia ya Japani inatusaidia. Katiba ya 1889 ilimtaja mfalme kuwa mtakatifu asiyeguswa. Mwaka 1891 mwalimu Mkristo, Uchimura Kanzo, hakuinama ipasavyo mbele ya waraka wa mfalme kuhusu elimu. Akaitwa msaliti, akapoteza kazi. Baadaye huko Korea, iliyokuwa chini ya Japani, Wakristo walilazimishwa kuinama kwenye mahekalu ya Shinto, wakiambiwa ni uzalendo tu, si dini. Mwaka 1938 mkutano mkuu wa Wapresbiteri, chini ya shinikizo la polisi, ulikubali. Mchungaji Ju Ki-cheol alikataa, akafia gerezani mwaka 1944. Tarehe 1 Januari 1946, Mfalme Hirohito, mjukuu wa Meiji, aliwatangazia watu wake kwamba uhusiano wake nao hautegemei dhana kwamba yeye ni mungu.

Biblia nayo ina pande mbili. Katika Danieli 3 vijana watatu wanakataa kusujudu. Katika 2 Wafalme 5 Naamani anaomba asamehewe atakapoinama katika hekalu la Rimoni, kwa kuwa bwana wake huegemea mkono wake. Elisha anamwambia aende kwa amani. Mimi muuguzi namwelewa Naamani: alikuwa anamshikilia mtu asianguke. Kwa wale vijana, kusujudu kwenyewe ndiko kulikokuwa ungamo, na nyuma yake kulikuwa na tanuru.

Kwa hiyo napendekeza maswali matatu. Huyu tunayemheshimu, tunaruhusiwa kuyataja makosa yake? Tunamwomba yale tunayomwomba Mungu peke yake? Na asiyetaka kuinama anafanywa nini?

Najua wapo watakaosema binti asiingie kabisa. Mimi nasema aingie, atembee msituni, awasalimu wenyeji kwa kuinama kama wao wanavyosalimiana. Penye sala asimame pembeni kwa utulivu. Leo hakuna atakayemlazimisha. Asipige makofi kwa ajili ya picha ya kuweka mtandaoni, maana kuigiza sala ya mwenzako kama mchezo ni kumdharau yeye na kumdharau Mungu.

Lakini maswali hayo matatu tusiyapeleke Japani tu. Mfalme Meiji alikuwa na miaka 59 alipofariki, akiugua kisukari na figo, maradhi yale yale ninayoyapima kwa wazee wetu. Mwili wake ulisema wazi kwamba ni mtu, na bado akafanywa mungu. Na sisi je? Tuna wahubiri ambao picha zao zimebandikwa kwenye magari na sebuleni, ambao neno lao halihojiwi, na anayeuliza kuhusu fedha huambiwa anamgusa mpakwa mafuta, kisha hasalimiwi tena kanisani. Hapo hakuna aliyeinama mgongo, lakini mpaka umeshavukwa. Paulo na Barnaba, katika Matendo 14, walipoitwa miungu walirarua mavazi yao na kupiga kelele kwamba wao ni wanadamu. Mtumishi wa kweli atafurahi tukimkumbusha hivyo hivyo.

Wazazi, zungumzeni na watoto kabla hawajasafiri, na muwaache waulize pia kuhusu tunaowainamia hapa nyumbani.