Kutafuta Hili na Kupata Lile



Vijana wanaosoma Juja, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoanza kama chuo mwaka 1981, hawana haja tena ya kupekua rafu moja baada ya moja. Huandika neno katika kompyuta na papo hapo wakajibiwa. Ni neema, wala hapana haja ya kuibeza. Lakini kompyuta humjibu mtu aliloliuliza, na elimu nyingi ni ile ambayo mtu hakujua kuwa yafaa kuiuliza. Aliyekwenda rafuni kutafuta kitabu cha magonjwa ya kahawa aliweza kurudi na kitabu cha udongo kilichokuwa ubavuni mwake. Je, kukutana kwa namna hiyo ni bahati tupu, isiyo na sifa wala wajibu?

Tuutazame mfano wa jirani zetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, huyatia sukari, huyangoja yapoe, kisha huyaweka katika friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa haba. Mwenziwe aliweka maziwa yasiyochemshwa. Mpemba, kwa kuchelea kukosa nafasi, akaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenziwe bado.

Bahati iliishia hapo. Rafiki yake mmoja, muuza aiskrimu wa Tanga, alikuwa akitumia maziwa ya moto kwa kulijua jambo hilo hilo, na Aristotle aliandika habari yake zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mpemba aliwapita kwa kutotulia mpaka ajue sababu. Alimwuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Akauliza tena alipokuwa Mkwawa, Iringa, akachekwa. Alipofika huko Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuliza mbele ya wote, na wenziwe wakamcheka tena. Osborne alimtaka fundi wake ajaribu. Fundi akaja na habari kuwa maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila wataendelea kurudia hata yapatikane matokeo yaliyo sawa! (Neno hili lafaa kubandikwa katika kila maabara, liwe onyo.) Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ikachapishwa.

Basi sifa si ya aliyekwaa jambo, ni ya aliyeinama kulitazama. Na wajibu wamhusu pia anayeulizwa. Kijana aletewaye jibu asilolitaka, akalipita bila ya kulitupia jicho kwa kuwa si aliloagiza, hana tofauti na wale waliocheka.

Atakuwapo wa kusema: huenda Mpemba aliona visivyo. Kweli, mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza walipima upya, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Wengine hawakukubaliana nao. Swali lililochekwa Iringa lingali likiwagombanisha wenye elimu.