Kukwama mbali na nyumbani: kuiba au kuomba?



Leo nina swali ambalo darasani tunalijibu haraka, ila barabarani ni gumu. Mtu amekwama mbali na kwao. Hana hela, hana chakula, na mkononi ana mali ya tajiri wake. Je, anaweza kuchukua kidogo ili ale? Sisi tuliosoma falsafa tunalipenda swali hili kwa sababu Mtakatifu Thomas wa Akwino ana jibu zuri juu yake, na jibu zuri linampa mwanafunzi alama. Nitalieleza. Lakini naona nyuma yake limejificha swali jingine, na hilo ndilo linalotuuma zaidi.

Tuanze na lori lenyewe.

Waliokulia kando ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma wanajua ninachosema. Ni zaidi ya kilomita 900, na malori yanapita usiku na mchana kwenda Zambia na Kongo, mengine yanafika hadi Lubumbashi na Kolwezi. Lori la namna hiyo ni vitu viwili: kichwa na tela. Kichwa ndicho chenye injini, tela linavutwa tu. Kichwa kikifa, kila kitu kimekufa. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56, gari pamoja na mzigo. Sasa tani 56 hazisukumwi na vijana wanne wa kijiweni. Dereva anaweka pembetatu, anakata matawi na kuyalaza barabarani ili wenzake wasije wakamgonga kwa nyuma usiku, anatia mawe chini ya matairi, anapiga simu kwa tajiri. Baada ya hapo anasubiri.

Na haondoki. Hilo watu wa kwenye mabasi huwa hawalielewi, wanapita wanauliza, "Kwa nini asiende mjini akalale gesti?" Akiondoka, asubuhi atakuta betri hazipo, tangi la dizeli ni kavu, na turubai la tela limechanwa. Kuna fikra kwetu kwamba gari lililoanguka au kufa barabarani limeshakuwa la wote. Tunaikumbuka tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro: lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Siwahukumu marehemu wale, tuwaombee. Ila ile fikra ilikuwepo kabla ya siku ile, na bado ipo.

Basi, mjomba wangu ni dereva wa malori hayo. Safari moja alibeba mbolea kwenda Zambia, na kabla hajamaliza kupanda mlima Kitonga klachi ikaungua. Walioupita mlima ule wanajua zile kona, huku ukuta wa mwamba, huku bonde. Alifanikiwa kulirudisha gari taratibu hadi mahali penye nafasi. Tajiri alisema spea itapakiwa kwenye basi kutoka Dar, na fundi atatoka Iringa. Ilikuwa siku ya kwanza. Spea ilifika siku ya sita.

Posho waliyokuwa nayo, yeye na utingo wake, iliisha siku ya tatu. Simu ya tajiri ikawa inaita tu, baadaye ikawa haipatikani. Jioni hiyo akaja kijana wa bodaboda na madumu mawili matupu. Hakuzunguka: ananunua dizeli, hela taslimu, hapo hapo. Utingo akamwambia mjomba, "Mzee, dumu moja tu. Lita 20. Mlima wote huu ulivyokula mafuta, tajiri atajuaje?" Mjomba akakataa. Yule kijana akasema atapita tena kesho.

Hapa tumwite Mtakatifu Thomas. Katika Summa Theologiae, sehemu ya II-II, swali la 66, kifungu cha 7, anauliza kama ni halali kuiba kwa sababu ya shida. Hoja yake inatoka mbali kidogo. Mungu ameviumba vitu vya dunia ili mahitaji ya wanadamu wote yapate kutimizwa. Kugawana mali, hiki changu, kile chako, ni utaratibu wa wanadamu. Ni mzuri na una sababu zake, lakini hauwezi kufuta lengo la kwanza. Kwa hiyo mtu akiwa katika hatari iliyo wazi, na hitaji ni la sasa hivi, na hakuna namna nyingine ya kumwokoa isipokuwa kile kilicho karibu, anaweza kukichukua. Na kwa maana halisi ya neno, huo si wizi. Thomas anafika mbali kuliko wengi wetu tulivyofundishwa kipaimara: anasema ni halali hata kama amechukua kwa siri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2408, inafundisha hivyo hivyo juu ya hitaji la haraka na la wazi kama chakula na malazi.

Nilipomsomea mjomba kifungu hicho alicheka sana. "Kumbe ningeuza tu lile dumu!"

Hapana, mjomba. Angalia sharti lenyewe: hakuna namna nyingine. Kilomita kama mbili chini ya pale alipokwama palikuwa na banda la mama ntilie. Namna nyingine ilikuwepo, nayo ni kufungua mdomo na kusema, mama, nina njaa, sina hela.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Akasema njaa ile aliiweza. Aliyokuwa haiwezi ni ile sentensi. Yeye nyumbani ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo. Michango ya ujenzi wa kigango inaanzia kwake. Watu wanakopa kwake. Sasa asimame mbele ya mwanamke asiyemjua, nguo zimejaa grisi, aombe ugali? "Kuuza lile dumu," akasema, "hakuna ambaye angeniona."

Vijana wenzangu, mnaona hapo? Tumezoea kufikiri kwamba aliyekwama anavutwa kwenye wizi na njaa. Mara nyingi si njaa. Ni aibu. Kuiba kunafanyika gizani na heshima inabaki. Kuomba kunafanyika mchana, mbele ya macho ya mtu.

Bwana wetu aliliona hili kabla yetu. Soma Luka 16, habari za yule wakili asiye mwaminifu anayeondolewa kazini. Anajipima mwenyewe: kulima hawezi, kuomba anaona haya. Baada ya hesabu hiyo ndipo anawaita wadeni wa bwana wake na kubadilisha hati. Kughushi kunazaliwa na kuona haya. Sasa rudi nyuma sura moja tu, Luka 15. Kuna kijana amekwama nchi ya mbali, anachunga nguruwe, anatamani chakula chao na hakuna anayempa. Huyu naye anafanya hesabu, lakini inatoka tofauti: ataondoka, atakwenda kwa baba yake, ataomba apokelewe kama kibarua. Sijui kama wataalamu wa Biblia wanalipa uzito jambo hili, mimi bado niko hatua ya falsafa, ila kwa macho yangu Luka amewaweka jirani watu wawili waliokwama, mmoja anayeweza kuomba na mmoja asiyeweza.

Wanafalsafa nao hawajakubaliana hapa. Aristotle, katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako, anamchora mtu mwenye roho kuu, mtu anayestahili heshima kubwa na anayejua kwamba anaistahili. Mtu huyo anapenda kutoa, lakini anaona aibu kupokea, kwa sababu kutoa ni kwa mkubwa na kupokea ni kwa mdogo. Mema aliyoyatenda anayakumbuka, aliyotendewa anayasahau. Kwa Aristotle hiyo ni sifa! Alasdair MacIntyre, mwanafalsafa Mkatoliki aliyefariki mwaka 2025, alimpinga waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1999, Dependent Rational Animals. Anasema mwanadamu anaanza maisha akibebwa, wengi tunayamaliza tukibebwa, na katikati tunaumwa, tunazeeka, tunavunjika. Kwa hiyo ziko fadhila za kupokea kama zilivyo za kutoa, na asiyezijua anaishi katika uongo juu ya nafsi yake. Anasema kwa Thomas kuna dawa ya ugonjwa huu wa Aristotle. Mimi naungana na MacIntyre, japo namwelewa Aristotle: alimchora mjomba wangu vizuri sana.

Na si mjomba peke yake. Tuzungumze wenyewe kwa wenyewe. Uko chuo, umbali wa siku nzima kwa basi kutoka kwenu. Boom limeisha wiki tatu kabla. Umekwama kama lori. Unajua mwenzako wa chumba cha pili ana mchele, lakini utamwambiaje, wewe ambaye mwezi uliopita ulikuwa unawanunulia watu chipsi? Basi kijana anachukua ada aliyotumiwa, anapiga mkeka, kwa matumaini kwamba itarudi kabla mama hajajua. Binti anaanza kupokea simu za mtu mzima ambaye hamtaki. Mwingine, mtunza hazina wa kikundi cha kwaya, anaazima kidogo kwenye mfuko. Ukiwauliza baadaye watasema, "Nilikuwa na shida." Ni kweli walikuwa na shida. Lakini je, walikuwa wameshamwambia mtu? Thomas hawezi kukusaidia kabla hujajibu swali hilo.

Ngoja, nisionekane narahisisha. Kuna mahali ukiomba unadhalilishwa. Kuna watu wakikusaidia wanakutangaza kwenye grupu. Kuna binti ambaye kila akiomba msaada anaombwa mwili wake. Huyo kweli njia imezibwa, na dhambi ya walioiziba ni kubwa kuliko chochote atakachokichukua. Tena wapo wasio na nguvu hata ya kuomba. Yule mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi katika njia ya Yeriko hasemi neno hata moja katika mfano ule mzima. Mtu wa namna hiyo hasubiriwi aseme.

Mjomba alikuwa na nguvu ya kutembea kilomita mbili. Asubuhi ya siku ya nne alimwacha utingo akilinda gari, akashuka. Alikaa kwenye benchi bila kuagiza. Mama ntilie akamuuliza, "Baba, chai?" Akasema anasubiri mtu. Alikaa muda mrefu, nadhani aliona kila gari lililopita. Mwisho akamwita mama pembeni akamwambia: lori langu limekufa pale juu, tuko wawili, hela imeisha, tajiri hapatikani. Yule mama akamkatisha. "Ungesema tangu jana. Huyo utingo wako nilimwona anapita na dumu la maji, uso umemkauka." Akampakulia. Akachukua daftari akaandika, maana naye anafanya biashara. Kuanzia siku hiyo utingo alikuwa anashuka mara mbili kwa siku, anapasua kuni za yule mama, anapandisha chakula.

Kijana wa bodaboda alirudi kama alivyoahidi. Mjomba akamwambia hana cha kumuuzia, ila kama anakwenda mjini amnunulie vocha, atamlipa spea ikifika. Kijana akamnunulia. Mtu yule yule, madumu yale yale. Mjomba hadi leo anashangaa kwamba mteja wa wizi alikuwa pia mtu wa kukopesha, ni suala tu la alichoombwa.

Klachi ilifungwa siku ya sita. Waliondoa matawi na mawe yote barabarani, jambo ambalo madereva wengi hawalifanyi na linaua watu wa pikipiki, wakaondoka. Deni la daftari alililipa akirudi kutoka Zambia.

Limebaki jambo moja ambalo tumelibishania sana na mafrateri wenzangu mezani. Tajiri alilipa posho ya siku tatu kati ya zile sita. Alisema siku za kukwama si siku za kazi. Mwenzangu mmoja anasema kwa haki kabisa mjomba angeweza kujilipa kimya kimya kutoka kwenye dizeli ya safari iliyofuata, kwa kuwa anachukua kilicho chake. Mimi sikubali. Posho anaidai, na kulinda mzigo wa mtu usiku sita mlimani ni kazi kama kazi nyingine. Ila siku ya tatu, tumbo likiwa tupu, alikataa kuchukua kwa siri. Sasa tumbo limejaa, achukue kwa siri? Nimemshauri aende kwa tajiri amwambie mdomoni, na akikataa tena apeleke madai yake ofisi ya kazi. Mjomba ananiambia kuomba ugali kwa mama ntilie ilikuwa rahisi zaidi. Bado hajaenda.